Ndoo Niliijaza Mimi, Anti Ndiye Anafukuzwa

Kwako mshauri,

Pokea salamu kutoka Tassia, Nairobi. Barua hii nimeitunga kichwani siku nyingi, nikiwa kwenye matatu, nikiwa kazini nikipanga maboksi, nikiwa kitandani mume wangu ameshalala. Leo naiandika kwa sababu mwisho wa mwezi umekaribia, na ukifika kuna mtu ataondoka kwangu akilia kwa kosa ambalo si lake peke yake.

Nina miaka 29, nimeolewa, na tumejaliwa mtoto mmoja wa kiume wa mwaka mmoja na miezi mitano. Tunaishi orofa ya tano, nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Kwetu maji hutoka siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, tena mara nyingi ni usiku. Anayeishi Nairobi anajua hali ilivyo. Bomba likianza kukohoa hewa unaamka, hata kama umelala saa sita. Unajaza mapipa, unajaza mitungi, unajaza sufuria, hata birika. Maji yakishafungwa hujui kama siku yake ikifika yatarudi kweli.

Ijumaa hiyo yalikuja saa kumi alfajiri. Nilijaza mapipa mawili yaliyoko bafuni, nikajaza mitungi sita. Bado yalikuwa yanatoka na roho ilikataa kuyaacha yapotee. Nikachukua ile ndoo ya rangi ya lita 20, nikaikinga, ikafika nusu hivi, maji yakakatika. Nikaiacha pale pale mlangoni pa bafu. Ndoo hiyo ina kifuniko, lakini siku hizi kifuniko chake nakichagulia mchele, kwa hivyo kilikuwa juu ya kabati jikoni. Nilikiona. Nakumbuka kabisa kwamba nilikiona, nikajiambia nitakirudisha. Saa kumi na moja na nusu nikatoka mbio kwenda kazini, Eneo la Viwandani, maana ukichelewa geti linafungwa na siku imekwenda.

Saa nne na kitu nikapigiwa simu na jirani. Alisema, "Mama, kuja, mtoto ameingia kwa maji lakini analia, usife moyo."

Msichana anayetusaidia kazi ana miaka 21, ametoka Kitui. Mtoto humwita Anti, na sisi sote tumezoea hivyo. Amekuwa nasi tangu mtoto akiwa na miezi minne. Siku hiyo alikuwa amemaliza kufua na alikuwa akianika nguo kwenye kamba ya kordo, hatua chache tu kutoka mlangoni, mlango ukiwa wazi. Alimwacha mtoto sebuleni akipiga sufuria kwa mwiko, na anasema alikuwa akiusikia huo mwiko. Kisha ukanyamaza. Akadhani amepata kitu cha kutafuna. Akaanika nguo mbili zaidi, moyo ukamkataa, akaingia ndani. Akaona miguu tu. Alimvuta, akamning'iniza kichwa chini, akampiga mgongoni, mtoto akatapika maji akaanza kulia. Jirani akambeba wakashuka ngazi zote tano, wakapanda boda hadi hospitali. Nilipofika walikuwa wamemwekea oksijeni. Alilazwa usiku mmoja wakimwangalia kifua, na asubuhi daktari akasema mapafu ni safi, tumebahatika.

Tulipofika nyumbani mume wangu alimsimamisha anti pale mlangoni akamuuliza, "Ulikuwa wapi? Na hii ndoo, nani aliiweka hapa?" Anti alinitazama. Mara moja tu. Kisha akainamia miguu yake, na nikaona amevaa slipa moja yangu na moja yake, rangi tofauti, vile alivyotoka nazo jana yake akikimbilia hospitali. Akasema, "Nisamehe, baba." Mimi nilikuwa nimembeba mtoto. Naapa nilifungua mdomo. Hakuna neno lililotoka.

Sasa mume wangu ameamua anti ataondoka mwisho wa mwezi, na pesa za hospitali zitakatwa kwenye mshahara wake. Mama mkwe amepiga simu kutoka Murang'a, anasema tumpelekee mtoto akalelewe kwenye hewa safi, kwamba Nairobi si mahali pa mtoto. Mume wangu anaelekea kukubali. Mamangu naye anasema niache kazi nikae na mtoto wangu. Majirani wananiambia ajali haina kinga, nishukuru Mungu ninyamaze.

Anti hajamwambia mtu yeyote. Hulala sebuleni, na usiku namsikia akiamka kwenda kuangalia kama mlango wa bafu umefungwa. Akimwogesha mtoto mikono inamtetemeka.

Mume wangu si mtu mbaya. Ni fundi wa umeme, anajituma, hajawahi kuniinulia mkono. Lakini akikasirika hunyamaza, anaweza kunyamaza wiki mbili. Na najua atamwambia mama yake. Nitakuwa yule mama aliyetaka kuua mtoto wake kwa ndoo ya maji, na mtoto atachukuliwa nikiwa sina la kusema. Nikinyamaza, msichana wa watu anaondoka bila pesa na jina limeharibika. Nimwambie? Nimwache mtoto aende Murang'a? Ama niache kazi yaishe? Nisaidie.

Mama mwenye siri, Tassia

*

Mwenzangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale mwiko uliponyamaza. Mungu ashukuriwe, na anti ashukuriwe, mtoto yuko. Pole kwa usiku wote ambao umeubeba mzigo huu peke yako huku mwenzako amelala kando yako.

Unauliza useme au unyamaze. Lakini kwenye barua yako kuna mambo kadhaa yamefungwa fundo moja, yaani siri yako, riziki ya msichana, safari ya Murang'a na kazi yako. Ukivuta uzi mmoja yote yanatikisika. Na nikiyatazama naona yote yanaegemea wazo moja ambalo nyumba nzima imelikubali bila kulijadili, kwamba ajali hii imeletwa na mtu, na kazi iliyobaki ni kujua ni nani. Mume wako anasema ni anti. Wewe usiku unasema ni wewe. Nakuomba tuwaache watu kidogo, tuitazame ndoo yenyewe.

Mtoto wa umri wa mwanao ana kichwa kizito ukikilinganisha na mwili wake wote. Akishika ukingo wa ndoo akainama ili aguse maji, kichwa kinatangulia, miguu inainuka, na mikono yake bado haina nguvu ya kumrudisha. Ndoo ya lita 20 yenye maji nusu ina kilo kama kumi za maji, kwa hivyo haianguki naye. Inasimama imara, na yeye yumo ndani. Tena si lazima maji yawe mengi. Sentimita tano zinatosha kufunika mdomo na pua. Sisi tumezoea kudhani kufa maji ni mambo ya bahari, ya ziwa, ya mto uliofurika wakati wa mvua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto wa umri huo hawaendi kuogelea. Maji huwakuta karibu na nyumbani, kwenye visima, madimbwi, mabeseni na ndoo.

Jambo lingine ambalo wengi hatulijui ni kwamba mtoto akizama hapigi kelele. Mdomo umo majini, sauti ataitoa wapi? Hakuna kilio wala kishindo, na ndani ya dakika chache ubongo unaanza kuumia kwa kukosa hewa. Kwa hivyo mume wako anapouliza "ulikuwa wapi?", nadhani moyoni anaamini kwamba mtu akiwa karibu atasikia. Anti alikuwa karibu. Alikuwa hatua chache tu, mlango u wazi, na kitu pekee kilichosikika kilikuwa kimya. Yeye alikisikia hicho kimya akarudi. Sijui kama kuna mtu yeyote nyumbani kwenu amemwambia hivyo. Nguo mbili alizoanika kwanza anti anazihesabu kila usiku, usidhani hazihesabu. Lakini angeanika tano, barua yako kwangu ingekuwa nyingine.

Majirani wanakwambia ajali haina kinga. Najua wanasema kwa mapenzi, nami nimewahi kuitumia methali hiyo kumliwaza mtu. Ila hapa naomba tusiikubali haraka. Ajali hii ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa juu ya kabati la jikoni, ina chembe za mchele. Sisemi hivi ili nikuchome. Nasema kwa sababu ni habari njema. Kama kinga ingekuwa kumtazama mtoto bila kupepesa macho tangu asubuhi hadi jioni, tungekuwa tumeshindwa sote, maana hakuna binadamu anayeweza, si anti, si wewe, si shosho wake wa Murang'a. Kifuniko kinaweza. Kinakaa pale hata unapochuna mboga, hata unapoenda msalani.

Na hapo ndipo siri yako inaponitia wasiwasi, mbali na uchungu inaokupa. Fikiria mwezi ujao. Anti ameondoka. Amekuja msichana mwingine. Utamwonyesha uji unakowekwa, utamwambia mtoto hulala saa ngapi, utamwonya asimwache peke yake kwa sababu aliyekuwepo alimwacha. Habari ya ndoo hutamwambia, kwa sababu kwenye hadithi ambayo nyumba yenu imeikubali, ndoo haina mwenyewe. Ijumaa bomba litakohoa saa kumi alfajiri, mtateka maji mkiwa na usingizi kama kawaida. Mtu atakuwa amebadilishwa, na ndoo itakuwa pale pale.

Sikuambii useme leo usiku. Wewe ndiye unayeijua nyumba yako na kimya cha mume wako, mimi najua kurasa mbili tu. Umesema hajawahi kukuinulia mkono, nami nakuamini. Ila kama ndani ya hofu yako kuna hofu ya kupigwa ambayo hukutaka kuiandika, hiyo ni habari tofauti, na kuna simu ya bure ya 1195 kwa mambo ya dhuluma za nyumbani. Kama hofu ni kimya chake na maneno ya mama mkwe, basi tuipime hiyo hofu.

Ukisema, huenda atanyamaza wiki mbili. Huenda atampigia mama yake simu kabla hajakuelewa. Hilo laweza kutokea, sitakudanganya. Lakini jiulize, je, kimya chake kitakuumiza zaidi ya hiki chako mwenyewe? Na kuna jambo ambalo huenda hukulifikiria. Siri hii si yako peke yako. Kuna mtu tayari anaijua. Anti alijua ndoo iliwekwa na nani pale alipokutazama, akachagua kuinamisha kichwa. Wewe unasoma ukimya wake kama wema, na pengine ni wema. Pengine pia ni hofu ya msichana wa miaka 21 asiye na mahali pengine pa kulala Nairobi. Hutajua mpaka umuulize. Na siku atakapokuwa mbali, hana la kupoteza, huenda akaisema yeye. Mume wako akiisikia kwa mtu mwingine, kwenye simu, itakuwa na uchungu wa aina mbili.

Wapo wanaoanza na mume, usiku, mtoto amelala, simu zimezimwa. Wanasema jambo jinsi lilivyokuwa bila kujitetea wala kujirundikia lawama: maji yalikuja, nilijaza, sikufunika, nikaondoka, na uliponiuliza niliogopa. Maneno machache. Faida yake ni kwamba anapata nafasi ya kukasirika bila kutazamwa. Wapo wanaoanza na msichana, wanamwomba msamaha kwanza, kisha wanamwambia nitazungumza na baba. Hii ina uzito wake, maana ukishamwahidi huwezi kurudi nyuma, na ukichelewa utakuwa umemuumiza mara mbili. Na wapo wanaoweza kusema yote mbele ya wote. Kwa mtu mwenye hasira za kimya sidhani ningeanza hapo, lakini wewe ndiwe unayemjua. Mwingine angeandika barua kama ulivyoniandikia mimi. Umeandika vizuri. Ukiona ulimi unakukwama tena kama siku ile mlangoni, ipo hiyo njia.

Kuhusu mshahara wa anti sitazunguka. Hata kama hujawa tayari kusema yote, suala la kumkata pesa za hospitali halipaswi kungoja ujasiri wako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeorodhesha sababu ambazo mwajiri anaweza kukata mshahara, na haimruhusu kukata apendavyo. Anayelipwa kwa mwezi pia anastahili ilani ya siku 28 kabla ya kuachishwa kazi. Unaweza kumwambia mume wako hili kwa utulivu, kwamba bili ya mtoto wenu ni yenu. Amekaa na mwanao zaidi ya mwaka mzima na ndiye aliyemtoa majini.

Na mikono inayotetemeka? Huyo msichana ameona jambo ambalo wewe na mume wako hamkuliona kwa macho, akaligusa kwa mikono. Mmempeleka mtoto hospitali, na yeye nani amemkalisha chini akamuuliza anajisikiaje? Hata akiondoka, asiondoke bila mtu kumwambia asante.

Sasa Murang'a. Mama mkwe anampenda mjukuu wake, na kutaka kumchukua baada ya hofu kama hii ni mapenzi. Lakini hewa safi haifuniki maji. Kabla hamjafunga mzigo, ulizeni kwa upole kule mambo yakoje. Kuna kisima? Kuna tangi la kukingia maji ya mvua, na limefunikwa? Wanapika kwa mafiga chini sakafuni? Dawa za kunyunyizia kahawa na mboga zinawekwa wapi? Shosho ana miaka mingapi, na anaweza kumkimbilia mtoto aliyejifunza kukimbia juzi? Huenda majibu yote yakawa mazuri, na ikawa mtoto kukaa huko miezi michache ni afueni kwenu. Huenda pia mkagundua mnamhamisha kutoka kwenye ndoo kumpeleka kwenye kisima. Na kuna wewe. Hukusema kama bado ananyonya, wala hukusema moyo wako unafanyaje ukifikiria kitanda bila yeye. Ulichoandika ni kwamba atachukuliwa "nikiwa sina la kusema". Neno hilo limenikaa. Unalo la kusema, wewe ni mama yake, na kukosea alfajiri moja hakukunyang'anyi hiyo nafasi.

Kuacha kazi nako, nakuomba usikuamue ukiwa bado unajiadhibu. Ukiacha, kodi italipwa na mshahara mmoja, na pengine mtaweza. Kina mama wengi hufanya hivyo na ni uamuzi wa heshima. Lakini angalia, ndoo ile iliwekwa wewe ukiwa nyumbani. Mama kuwepo peke yake hakutoshi. Ukiwa peke yako na kufua, kupika na kuteka maji, utakuwa unafanya kazi ileile ya anti, na wewe pia utatoka kuanika nguo. Ukifikiria deikea ya hapo mtaani, usitazame rangi za ukuta. Ingia hadi bafuni na jikoni, uone maji yamewekwaje, na uhesabu watoto wangapi wanatazamwa na mtu mmoja.

Ruhusa ya kurekebisha nyumba yako huhitaji kuipata kwa mtu, na haya unaweza kuyaanza kabla hata hujafungua mdomo kuhusu siri. Ule mtungi wa manjano wa lita 20 ndio rafiki wa mama anayeishi kwa mgao. Shingo yake ni nyembamba, kichwa cha mtoto hakipiti, na kizibo kinafungwa kwa kuzungushwa. Ukiweza, maji ya akiba yaingie kwenye mitungi, ndoo zibaki za kutumia na kumwaga. Ndoo ikiisha kazi igeuze kichwa chini. Vivyo hivyo beseni la nguo zilizorowekwa, hilo tunalisahau sana kwa sababu tunaona nguo, hatuoni maji. Mapipa yafungwe vifuniko kwa ukanda wa mpira wa tyubu uliovutwa ukakaza, si kwa kuwekewa jiwe juu, maana jiwe nalo litamwangukia. Na mlango wa bafu uwekewe komeo juu, usawa wa bega la mtu mzima. Mume wako ni fundi, ana drili. Mwombe. Huenda kushika drili kutamsaidia na yeye, kwa sababu nadhani chini ya ile hasira kuna baba aliyepata habari kwenye simu na hakuwa na la kufanya kwa mikono yake.

Nguo zingine zinaweza kungoja Jumamosi mkiwa watu wawili au watatu nyumbani. Zisizongoja, anti au yeyote atakayekuwepo ambebe mtoto mgongoni kwa leso wakati wa kuanika. Ukiwa unapitisha macho nyumbani, yapitishe pia kwenye mpini wa sufuria uliotokeza nje ya jiko, thamosi ya chai iliyo ukingoni mwa meza, chupa ya soda iliyotiwa mafuta taa au dawa ya kufulia, na stuli iliyo karibu na kizuizi cha kordo. Mko orofa ya tano.

Jambo la mwisho la kujifunza, tena mlijifunze wote. Kumning'iniza mtoto kichwa chini ndivyo wengi wetu tulivyoona ikifanywa, na anti alifanya alichokijua. Bahati mwanao alikuwa bado anaweza kupumua. Mtoto aliyetolewa majini asiyepumua anahitaji hewa, na kumpindua kunapoteza muda. Anawekwa chali mahali pagumu, kichwa kinarudishwa nyuma kidogo na kidevu kuinuliwa, pua inabanwa, unafunika mdomo wake kwa wako na kupuliza taratibu mpaka uone kifua kinapanda, mara tano. Asipoonyesha dalili ya uhai, unabonyeza katikati ya kifua kwa mkono mmoja, kwa nguvu na kwa haraka, mara 30, kisha pumzi mbili, unaendelea hivyo huku mwingine akipiga 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kwa maneno haya tu mtu hawezi kuiva. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza hapa Nairobi, na mikono iliyofundishwa haitetemeki sana. Na kama mlivyofanya ninyi, mtoto aliyezama akakohoa apelekwe hospitali hata akionekana anacheza, kwa sababu mapafu yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Sijui utaanza na nani. Ukianza na anti, mngoje amalize kazi, mtoto amelala, ukae naye kwenye kiti kimoja. Usimwite jikoni ukiwa umesimama. Ukianza na baba watoto, mpe wiki zake mbili akizihitaji, lakini mwombe kitu kimoja kabla hajazianza, kwamba asimpigie mama yake simu mpaka mzungumze tena. Na ukiona bado huwezi, niandikie hata hilo, tutalizungumza. Ningependa kujua anti alikujibu nini, kama ulimuuliza.